Sufuria Isiyojua Samaki

Siku ya tatu Mzee Habumugisha alirudisha tena sahani bila kuigusa. Alisema asante, akainamisha kichwa, akaenda kukaa nje juu ya mawe meusi ya volkano.

Mama alizitazama sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nilizozikaanga mpaka zikalia mdomoni.

"Anafikiri tutamupa sumu," alisema. "Katungu, sikia. Magharibi utamupikia mara ya mwisho. Akikataa, kesho aende kwenye mahema ya wakimbizi na wenzake."

Kwetu Goma, mgeni akikataa chakula amekutukana bila kufungua mdomo. Lakini mzee huyu alikuwa rafiki wa papa, baba yangu marehemu. Miaka mingi papa alinunua jibini kwake Masisi, akalala kwake, akanywa maziwa yake. Vita ilipofika huko, mzee alitembea siku mbili mpaka mlangoni petu.

Mimi si mtu wa kuuliza maswali. Ninatazama. Nilimwona akitafuna hindi la kuchoma alilonunua barabarani. Nilimwona akinywa chai yetu, vikombe viwili. Nani anaogopa sumu kwenye sahani, halafu haiogopi kwenye kikombe? Na jana nilimpa maharage matupu. Aliyanusa tu, akayasukuma. Pua ile ilikuwa inatafuta nini?

Nikamfuata nje. Nilisimama nyuma yake mpaka akageuka mwenyewe.

"Sema, mwanangu."

"Muzee... ni sufuria?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

"Ni samaki. Niko na ng'ombe moja, nimeiacha kwa mutu kule Masisi. Iko na mimba. Kwetu, mwenye kunywa maziwa ya ng'ombe akikula samaki, maziwa inakauka. Na sufuria yenu, hata mukiisugua na majivu, inakumbuka."

"Hata kama ng'ombe iko mbali?"

"Ng'ombe haijue mbali."

"Sasa mbona haukusema?"

"Mama yako ananipa kitu kizuri kuliko vyote viko mu nyumba yake. Nimwambie kinanuka?"

Nilikimbia kwa jirani yetu, Mama Valérie, nikamwomba sufuria ambayo haijawahi kupika samaki.

"Hapa, pembeni ya ziwa?" alisema. "Mutoto, enda uulize kwa padri! Na yeye Ijumaa anakula nini, kama si samaki?"

Nilirudi mikono mitupu. Ndipo nikaliona birika la chai juu ya mbabula, jiko letu la makaa, limechoka, limejaa masizi. Maisha yake yote halijaona kitu isipokuwa maji na majani ya chai.

Kisu sikukigusa, maana nacho kilikuwa cha samaki. Nilichagua viazi vidogo vya Kibumba, vile vinavyopita mdomo wa birika vikiwa vizima. Nikamenya maharage mabichi kwa vidole, nikapasua kitunguu kwa mkono, nikakamua nyanya mbili. Chumvi, mafuta ya mawese kidogo, maji ya kufunika. Nikafunika kifuniko, nikaacha makaa yafanye kazi yake.

"Nani anataka chai saa hii?" mama aliuliza. Halafu akanusa. "Katungu! Unafanya nini na birika yangu?"

Nilimweleza, macho chini. Mama akatoka mwenyewe, akakata jani la mgomba nyuma ya nyumba, maana sahani nazo zinakumbuka samaki, akalitandika kwenye mkeka mbele ya mzee.

"Muzee, sisi ni Wanande, ng'ombe hatuijue," alisema. "Ungetuambia."

"Na mimi ningeuliza kama muko na jani," alisema mzee.

Nikamimina. Viazi vilitoka kimoja kimoja, vikisukumana. Mzee alisubiri mama aonje kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha akala kwa mkono wake wa kulia, taratibu, mpaka jani likaonekana kijani tena.

Mama alichungulia ndani ya birika.

"Chai ya kesho itanuka kitunguu," alisema.

"Tutaikunywa hivyo hivyo, mama," alijibu mzee.

"Basi uamuke mapema," mama akasema. "Chai inaisha mbio."