Aliyelitaja Isale Kwanza

Saa kumi jioni, wateja wa mapazia ya mtumba wakishapungua, Irine alifunika meza yake kwa turubai, akamwomba jirani yake muuza vitunguu aitupie jicho, kisha akavuka barabara kwenda kwenye kafe ya intaneti ya Aminiel. Kafe hiyo ilikuwa Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Kompyuta zake zilikuwa zimeshafanya kazi Ulaya zikastaafu, halafu zikaja kuajiriwa upya Arusha. Aminiel, mtu mnene na mpole, alizifunika kwa vitambaa alivyofumiwa na mkewe.

Irine hakuwa na barua pepe ya kusoma. Alikwenda kucheza. Kulikuwa na mchezo mmoja mtandaoni, na ndani yake Watanzania waliotawanyika duniani walikuwa wamejifungulia chumba chao cha Kiswahili. Mmoja alichora kitu kwa kipanya, wengine wakakisia kwa kuandika. Muda ulikuwa dakika moja. Aliyetaja kwanza alipata pointi, na kitu chenyewe kilimfikia pale alipo.

Kilimfikia kama kilivyochorwa, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Lemburis, kijana wa Olmotonyi aliyekuwa mpishi wa meli huko Rotterdam, alikuwa na mkono mzito. Alipochora kikombe, Irine alikitaja upesi, kikatua kando ya kibodi kikiwa na mshikio wake kwa ndani. Siku nyingine alichora mnyama, Agnela akaandika "meza", Irine akaandika "mbuzi", na mbuzi akasimama katikati ya viti akiwa na miguu mitano. Wapangaji wenzake Irine walimla Pasaka. Mguu wa tano haukuwa na mfupa, wakampa bibi mmoja asiye na meno. Aminiel akabandika karatasi ukutani: VITU VYA MCHEZO VISIACHWE SAKAFUNI. WANYAMA WATOLEWE NJE MARA MOJA.

Bingwa wa chumba alikuwa Agnela, nesi mzaliwa wa Kibosho aliyekuwa akiishi Minnesota. Vidole vyake vilikuwa na moto. Alikuwa ameshinda mikungu ya ndizi, miavuli, ngoma na jogoo wa kila aina, hadi gereji ikajaa na gari la mumewe likawa linalala nje kwenye theluji.

"Mama Mapazia, umekuja? Njoo nikufunge mapema, niwahi zamu," alikuwa akiandika.

"Dada Agnela, pole pole basi, tuachie na sisi mabaki," Irine alijibu.

Walipendana sana, watu hawa ambao hawakuwahi kuonana. Walitaniana, walipongezana, waliombeana wagonjwa wao. Kwa Irine, hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya siku ambayo hakumfikiria kaka yake.

Kisa cha kaka yake kilikuwa hivi. Baba yao, Mchaga wa Machame, alinunua kiwanja Sakina, juu ya barabara ya Nairobi, enzi ambazo watu walimcheka kwamba amenunua mbu. Akajenga nyumba ya vyumba vitatu, akapanda migomba, akazungushia masale pande zote kama kwao mlimani. Isale, mmea wa majani marefu membamba, kwa Wachaga ni mpaka, lakini si mpaka tu. Mtu akimkosea mwenzake hulifunga jani lake fundo, akampelekea, na anayepelekewa hawezi kulikataa. Akishalipokea amesamehe, na jambo hilo halifufuliwi tena. Baba alipofariki alizikwa pale pale, kati ya migomba.

Kisha biashara huria ikaruhusiwa, mabasi ya Nairobi yakaongezeka, na kila kiwanja kinachogusa lami kikawa kinatafutwa kama almasi. Godbless, kifungua mimba, ndiye aliyeshika hati. Akamuuzia kiwanja mtu wa kituo cha mafuta, akahamia Dar es Salaam, mama yake asimwambie neno. Mama alipata habari siku greda lilipofika. Mtaani, kanisani na sokoni aliitwa Mama Godbless, na dereva wa greda naye alimwita hivyo hivyo: "Wewe ndiye Mama Godbless? Mwanao alisema tutakuta umeshahama."

Kitanda chake kililetwa Kaloleni, kwenye chumba cha kupanga cha Irine. Akaishi masika moja, ameugeukia ukuta. Alikuwa na ombi moja tu, azikwe ubavuni mwa mumewe. Lakini mumewe alikuwa chini ya zege, chini ya pampu ya pili, ile ya dizeli, na mwenye kituo alisema pampu haihamishwi. Mama akazikwa kwenye makaburi ya manispaa, kati ya watu ambao hakuwahi hata kusalimiana nao. Godbless hakuja. Alituma shada la maua ya plastiki kwa basi.

Iliuma, na haikuacha kuuma. Irine hakuwa na hati wala wakili. Alibakiwa na kitu kimoja ambacho Godbless hangeweza kukiuza, nacho ni msamaha wake. Alikuwa ameapa mbele ya kaburi la mama: kaka yake apande basi, aje na isale mkononi, asimame pale kwenye pampu ya pili, aseme kwa mdomo wake alichokifanya. Hapo ndipo atalipokea. Pasipo hivyo, Godbless akae nalo kosa lake hadi afe nalo.

Mwezi wa Agosti, wakati wa baridi, mtu mpya aliingia kwenye chumba cha mchezo. Alijiita Mgeni. Hakusalimia, hakutania, na hakukisia picha za wengine. Zamu yake ilipofika alichora mlango.

Alikuwa na mkono mzuri. Aliuchora mlango taratibu, akaupaka bluu, akaweka na kiraka cha bati chini, pale mbwa wao Simba alipokuwa akikwaruza mvua ikinyesha. Irine alikitambua kiraka kile. Waliokijua walibaki wawili tu duniani. Akaandika "mlango", na mlango ukasimama kando ya ukuta wa kafe, ukinuka moshi wa jikoni kwa mama.

"Godbless, ni wewe?" akaandika.

Mgeni alikuwa ameshatoka. Aminiel alimsaidia Irine kuubeba mlango hadi kwenye ua wa nyumba aliyopanga, wakauegemeza kwenye ukuta karibu na bomba.

Tangu hapo Mgeni alikuja kila jioni. Alichora dirisha la sebuleni. Alichora benchi la baba. Alichora kigoda cha mama chenye mguu mmoja uliofungwa waya, na Irine akakibeba kigoda kile mwenyewe, kifuani, wala hakutaka kusaidiwa. Wenzake waliona kuna jambo, ingawa hakuwaambia ni jambo gani. Mgeni akianza kuchora, Lemburis aliandika, "Hii ni ya dada, tulieni," wakatulia. Hata Agnela alitulia, japo kwake ilikuwa kama kumzuia mtu kupiga chafya.

"Mdogo wangu, nakuachia kwa sababu nakupenda," aliandika. "Ila vidole vinaniwasha."

Kwa siku kadhaa Irine alidhani kaka yake anairudisha nyumba. Akaanza kuhesabu kilichobaki, paa, kitanda, stoo ya kahawa. Halafu Ijumaa moja, nje kukiwa na ukungu na Mlima Meru hauonekani, Mgeni akachora mstari mmoja mrefu wa kijani. Akachora na mwingine sambamba nao, akaiunganisha nchani. Likawa jani jembamba, refu. Kisha akarudi katikati yake, akaanza kulifunga fundo.

Irine akaelewa yote. Mlango, dirisha, benchi na kigoda vilikuwa vya kumvuta tu, kama mtu anavyomwonyesha kuku mahindi. Akiliandika neno lile, jani litakuja mkononi mwake, na likija amelipokea. Godbless atakuwa ameombewa msamaha na kipanya, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka huko Dar es Salaam, hajapanda basi, hajasimama kwenye pampu, hajatamka neno.

Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka chini ya mapaja. Dakika moja si kitu. Muda ukiisha picha hufutika, na jani ambalo halikutajwa haliendi kwa yeyote. Akaangalia saa ya mchezo ikishuka. Mgeni alikuwa amemaliza fundo, na sasa alikuwa anatia kivuli pasipo na haja.

Ndipo akamkumbuka Agnela. Akachomoa mikono haraka, akaanza kuandika kwa vidole vyake viwili: "Jamani msi". Hakufika mbali.

"ISALE!!!" Agnela aliandika.

Kengele ya ushindi ikalia kwenye spika. Pointi zikaongezwa.

"Mdogo wangu nisamehe, mkono umekwenda wenyewe," Agnela akaandika. "Tangu niondoke nyumbani sijaliona. Hata fundo! Nimelishika hapa, lina umande."

"Umelipokea?" Mgeni akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie chumbani.

"Nimelipokea. Kwani isale hukataliwa? Mama alitufundisha."

"Asante sana, dada," Mgeni akaandika, akatoka kwenye mchezo, na hakurudi tena.

Irine alikaa mbele ya kompyuta mpaka Aminiel alipoanza kutandaza vitambaa vyake. Kwa mara ya pili mali yake ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine yeye akiwa anaangalia, na safari hii hata greda halikuhitajika. Aliwaandikia wenzake kisa chote, tangu mbu wa Sakina hadi pampu ya pili. Agnela alilia huko Minnesota, akajaribu kulirudisha jani: alilichora upya, akalitia kwenye bahasha, akalitupa ziwani. Asubuhi alilikuta jikoni kwake, bichi, lina umande. Na kibaya zaidi, aliungama, hakuweza kumchukia yule kaka. Kila alipojaribu, moyo wake ulikuta umeshasamehe.

Irine akaenda kwa mzee Efraimu, mkubwa wa ukoo wao pale mjini, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasikia. Isale lilipelekwa?"

"Lilipelekwa, lakini si kwangu."

"Lilipokelewa?"

"Lilipokelewa na mtu asiyehusika, baba. Hata sura yake sijawahi kuiona."

Mzee akakuna kidevu. "Mimi wazee wangu walinifundisha kuuliza kama limepokelewa," akasema. "Hawakunifundisha kuuliza na nani. Likishapokelewa, mwanangu, jambo limekwisha."

Krismasi Godbless alikuja Arusha, na hakuja kwa basi bali kwa gari lake. Alikuwa amenenepa. Aliegesha Kaloleni, akaingia uani, akauona mlango wa bluu umeegemezwa ukutani, akaubisha kwa mzaha. "Hodi hapa!" Irine alikuwa nyuma yake, anafua. Akakausha mikono, akamkaribisha, kwa kuwa mtu aliyesamehewa hukaribishwa.

"Mdogo wangu, yaliyopita yamepita," Godbless alisema, akikalia kigoda cha mama. "Tangu tumzike mama nilikuwa silali. Mto wangu ulikuwa unanuka dizeli. Nikibadilisha foronya, dizeli. Nikilala hotelini, dizeli. Shangazi ndiye aliyeniambia unacheza ule mchezo. Siku ile ile isale lilipopokelewa, harufu ikakatika. Sasa nalala kama mtoto."

"Tulimzika nani na nani?" Irine akauliza. "Wewe hukuwepo."

"Irine. Limepokelewa."

"Si na mimi, kaka."

"Limepokelewa," Godbless akarudia kwa upole wa mtu mwenye risiti. Irine akainuka, akachukua birika. Jambo lilikuwa limekwisha, na lililokwisha halisemeki. Akammiminia chai kwenye kile kikombe chenye mshikio kwa ndani. Godbless aliungua kidole, akacheka, akasema vikombe vya siku hizi havina maana. Jioni akaondoka. Akapita Sakina, akaingia kituo cha mafuta, akajaza tangi kwenye pampu ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na foleni.

Mwezi wa Januari Irine alirudi kwenye mchezo. Walimpokea kwa aibu, hasa Agnela, ambaye sasa alikisia taratibu na kukosea makusudi. Siku hiyo Lemburis aliomba zamu. Alikuwa amefanya mazoezi huko melini, na mkono wake ulikuwa umepona kabisa. Akachora ukuta, na ukuta mwingine. Akachora vyumba vitatu, paa la bati, moshi wa jikoni. Akaacha nafasi ya mlango, kwa kuwa mlango alijua upo. Mtoto mdogo angeweza kuitaja picha ile.

Hakuna aliyeandika. Agnela alikuwa ameweka mikono mapajani huko kwake, akiomba Mungu visimponyoke vidole. Lemburis alikuwa ameacha kuchora. Wote walikuwa wanamsubiri yeye.

Irine aliweka vidole kwenye kibodi. Aliitazama nyumba ile, akaupenda moshi wake. Nyuma yake Aminiel alikuwa ameacha kufagia, akapima kwa macho, kutoka sakafu hadi dari, kisha akachungulia nje, barabarani, palipokuwa na mtaro, meza za vitunguu na magari yaliyoegeshwa.

Saa ya mchezo ikaisha. Picha ikafutika.

"Dada, hukuitambua?" Lemburis akauliza.

"Niliitambua, mdogo wangu," Irine akaandika. "Sina kiwanja cha kuiweka."