Chaza wa Bwana Mawe

Mume wangu walimwita Bwana Mawe, maana mtu gani mwenye akili zake anafuga chaza, wale wa kombe ngumu kama mawe, asiowala? Watu walicheka mpaka wakachoka, kisha mmoja mmoja wakaja kuomba mbegu, chaza wachanga. Sasa ukingo wetu mzima wa mto, hapa karibu na bahari, una vizimba vya waya chini ya magati. Chaza wakikua tunawatandaza mtoni, wauchuje uchafu. Hatulipwi hata senti. Mto ulikuwa unanuka na hatukuwa na pa kuhamia.

Mvua kubwa ilimkuta hajiwezi kitandani, ila mdomo ulikuwa mzima.

"Pandisheni vizimba, tope litawaziba!"

Nani angembishia? Tukapandisha, gati baada ya gati.

Kumbe mafuriko yanapofika kwetu, maji matamu huelea juu, ya chumvi hubaki chini. Tuliwatoa chaza kwenye chumvi yao kwa mikono yetu wenyewe. Chaza mzima ukimgonga hufumba. Wetu walibaki midomo wazi, wananuka.

Nikawasihi majirani wasimwambie. Mwacheni aondoke na furaha yake, nilisema. Shemeji yangu, fundi bomba, ndiye aliyeingia kumjulia hali, naye kusema uongo hajui.

"Mmewagonga? Wanafumba?"

"Wanafumba, kaka. Wote."

Uso wa mgonjwa ukachangamka. Nikamshukuru Mungu kwa uongo ule, Mungu anisamehe.

"Si nilisema! Haya, nipeni simu. Wale wa ng'ambo ya mto wamewaacha chini, vichwa vigumu wale. Niwaambie wapandishe leo leo."

Shemeji akanitazama. Mto mzima, chaza waliobaki hai walikuwa wa ng'ambo tu. Na wangemsikia, maana yeye ndiye aliyewafundisha.

"Utawapigia kesho," nikasema. "Pumzika kwanza, baba watoto."

"Kesho nitakuwepo?"

Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumpiga Shemeji, kuipiga mvua, yeyote yule. Nikatoka hadi gatini nimelowa chapachapa, nikarudi na chaza mmoja, nikamweka kiganjani mwake.

Akamgonga kwa ukucha. Akasubiri. Akagonga tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Machozi yakamtoka, na mimi nikashindwa hata kumfuta.

Kisha akanyoosha mkono mtupu.

"Simu," akasema. "Niwaambie wasiguse."