Aliyekaa Kwenye Taa ya Kulia

Fundi wa taa alibandika utepe wa karatasi kuzunguka taa ya kushoto ya gari la wagonjwa, akainyunyizia maji ya sabuni, akaanza kupiga msasa. Kioo kilikuwa kimepauka, cha njano kama kucha za mvuta sigara. Baada ya msasa kikawa cheupe pepe, kibaya kuliko kilivyokuja. Hapo ndipo wateja wageni hushika vichwa.

"Daktari wa macho," dereva akasema, "nimekuletea mgonjwa, nawe ndiyo kwanza unamtia upofu!"

"Tulia, mzee mwenzangu. Kitendawili."

"Tega."

"Mwanangu anajua njia zote, mgongo wake haujui."

"Taa! Hicho hata mtoto anakitegua."

Fundi akacheka, akapitisha dawa na kitambaa mpaka kioo kikang'aa. Taa ikisafishwa hutoa ilichokiona. Kila mtu wa kazi hiyo anajua. Ya kushoto ilitoa mashimo ya barabara, geti la hospitali na mbwa wawili. Mbwa hao fundi akawafukuza kwa ufagio.

Ya kulia ikamtoa mke wa fundi.

Alisimama ndani ya kioo, urefu wa kidole, tumbo limemtangulia, khanga imelowa, mkono juu. Alikuwa na miaka mitatu kaburini, yeye na mtoto wake wa tumboni. Alfajiri ile ya mvua, uchungu ulipomshika, fundi alipiga simu hospitali, akaambiwa gari linakuja. Mwenye haja haketi: akamwacha mkewe asubiri kando ya barabara, yeye akakimbilia teksi. Aliporudi alimkuta amelala chini. Hospitali wakasema gari lilikuwa gereji siku hiyo. Mama mkwe akasema fundi ndiye aliyechelewa kupiga simu, na neno hilo amelilalia na kuamka nalo tangu hapo.

"Umekonda," mkewe akasema. "Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana."

Dereva akainama, akamtazama vizuri. "Huyu namkumbuka. Alipunga mkono."

"Mbona hukusimama?" fundi akauliza.

Dereva akavua kofia, akaivaa tena. "Nilikanyaga breki, haki ya Mungu. Lakini bosi wetu wa hospitali alikuwa kando yangu, tunahamisha makochi yake. Akasema, twende, makochi yanalowa."

"Daftari la hospitali linasema gari lilikuwa gereji."

"Daftari si anaandika yeye?"

Fundi akakaa juu ya ndoo. Kumbe hakuchelewa. Siku zote alidhani akilijua hilo kifua kitakuwa chepesi. Hakikuwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa vanishi. Bila vanishi, ukungu hurudi baada ya miezi miwili.

"Nisipopaka," akamwambia mkewe, "ukungu utakufunika. Nikipaka utaona vizuri, ila kwa vyovyote unaondoka na gari."

"Mwambie akuachie taa."

"Hiyo ina namba ya hospitali, dada," dereva akasema kwa upole. "Nitaulizwa."

Mkewe akafikiri kidogo, mkono ungali juu.

"Basi paka, mume wangu. Nikimwona mwenzangu barabarani, nimwambie asisubiri."

Akapaka mara mbili. Akaipepea vanishi kwa kipande cha boksi. Ilipokauka, simu ya dereva ikalia: bosi anataka friji lake likachukuliwe. Gari likaondoka, fundi akabaki ameshika kitambaa.

Saa kumi jioni mwanamke mjamzito akafika kibandani kwa miguu, ameshika kiuno.

"Samahani, kaka. Hospitali ni huku? Nilikuwa nasubiri gari la wagonjwa, likanipita. Lakini kuna dada kwenye taa ameniambia nianze kutembea."

"Ni huku. Ila bado mbali."

"Ameniambia pia nikikuona nikuulize kama umekula."

"Nimekula," fundi akasema, na hakuwa amekula.

Akafunga kibanda, akampa bega, wakaenda mdogo mdogo, wakisimama kila uchungu ulipokuja. Penye kona wakasikia mlio nyuma yao. Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja, milango yake ya nyuma imefungwa kwa kamba kwa ajili ya friji, taa zote mbili safi kama maji ya mtungi. Ndani ya taa ya kulia mkono mdogo ulikuwa juu. Fundi naye akainua wake.

Gari halikusimama.