Firigisi ya Khaemba

Jumapili ya tatu baada ya mumewe Khaemba kuchukuliwa, Maximilla alinunua kuku wa kienyeji katika soko la Kibuye, akamleta nyumbani Migosi na kumchinja mwenyewe nyuma ya nyumba. Kule kwao Chwele mwanamke kuchinja kuku kungesemwa mwezi mzima, lakini katika ploti ile ya nyumba za kupanga hakuna aliyejali. Alimchovya kwenye maji ya moto, akamnyonyoa, akambabua juu ya jiko la makaa hadi vinyweleo vikaisha. Alipompasua alitoa ini, moyo, matumbo na vijiyai vinne vya manjano ambavyo vilikuwa havijapata ganda. Firigisi haikuwepo. Aliingiza mkono tena, akapapasa mbavu kwa ndani mpaka shingoni. Kisha akanawa, akaanza kukata vitunguu.

Jirani yake Beldina, aliyeuza samaki ufuoni Dunga na ambaye hakuna jambo la ploti lililompita, alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua omena, dagaa wa ziwani. Akauliza ni nini kinachotafutwa hivyo. Maximilla akasema kuku hana firigisi. Beldina akasema watu wa Kibuye siku hizi hawana haya. Sufuria ilikuwa imekwisha kuchemka ndipo wote wawili wakakumbuka kwamba kuku aliletwa akiwa hai, tena akipiga kelele, na hakuna mwizi anayeweza kumtoa kuku firigisi akamwacha anatembea.

Kwa Wabukusu, watu wa Maximilla, firigisi ina mwenyewe. Ni ya baba mwenye nyumba. Mgeni atapewa paja, watoto watagombania shingo na miguu, lakini firigisi hupakuliwa juu ya sahani ya mume, mahali pa kuonekana. Mke akiila, au akimpa mwanamume mwingine, ana maneno ya kujibu mbele ya wazee. Yako maboma yaliyovunjika kwa ajili hiyo tu. Beldina, ambaye ni Mjaluo, hakuwa na ubishi na desturi za watu, ila alisema kwamba kwa kipande kisichojaza hata kiganja, kelele ni nyingi.

Khaemba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na matangazo ya mikutano ya injili. Mwaka ule wa 1987 alichapa karatasi nyingine. Hakuna mtu Migosi aliyekubali kwamba ameisoma, ingawa kila mtu alijua aya ya tatu inasema nini. Watu watatu waliovaa makoti, siku ya joto kali, walifika na gari jeupe Khaemba akinawa mikono ili ale. Wakamwambia hatakawia. Maximilla akafunika sahani.

Jumapili iliyofuata kuku hakuwa na firigisi, na iliyofuata hiyo vile vile. Oketch, muuza kuku, alipolalamikiwa hakubishana. Alimchinja jogoo wake pale pale sokoni, na firigisi ikaonekana, nono, imejaa changarawe. Akachukua nduguye jogoo yule, wa kiota kimoja, akaja naye Migosi kwa miguu. Maximilla akamchinja mlangoni kwake. Hakuna. Beldina akatoa kuku wake mwenyewe, akamchinjia upande wake wa mtaro uliotenganisha milango yao, na firigisi ikawepo. Akatoa wa pili, akamvusha mtaro, akampa Maximilla. Hakuna. Oketch akafuta mikono kwenye suruali.

"Basi, Mama," alisema, "mimi siuzi kuku wabaya. Huyo mzee wako anakula fungu lake huko aliko."

Ploti nzima ililiona jambo hilo kuwa la kweli. Watu walikuwa wamekwisha kunong'ona mengine, kwamba waliochukuliwa na magari ya namna ile walikuwa wanatupwa ziwani, na Beldina kila asubuhi pale Dunga alikuwa akitazama nyavu kabla ya kutazama samaki. Sasa aliacha. Maiti haili. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilishukuru kwa dakika kumi, kisha kikarudi kwenye suala la viti.

Maximilla naye alishukuru, halafu akaanza kuhangaika. Usiku ule alihesabu mambo kitandani na kugundua kwamba firigisi ilitoweka kuku akingali mzima. Maana yake ilimfikia Khaemba mbichi. Khaemba hakupenda hata nyanya mbichi. Alikuwa mtu wa kupikiwa, mtu wa kuingia jikoni, kufunua sufuria na kufunika tena bila neno, na kwa namna alivyofunika ungejua kama amependa.

Kwa hiyo alianza kupika kuku kabla ya kumchinja. Alimnunua Jumapili akakaa naye wiki nzima, amefungwa kamba mguuni chini ya meza. Alimlisha mtama na vumbi la omena ili firigisi inenepe. Siku ya Alhamisi alimpa vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo. Ijumaa alimpa maji yenye munyu, chumvi ile ya magadi ya kienyeji ambayo mama yake alimtumia kutoka nyumbani, kwa sababu inalainisha. Jumamosi alimweka karibu na jiko, joto limwingie. Wakati wa kumlisha alimweleza kuku habari za mtaa, nani amehama, nani ameoa tena, bei ya sukari. Hakujua kama habari hukaa kwenye firigisi, lakini mahali pengine pa kuzipeleka hapakuwepo.

Mahali pengine alikuwa amejaribu. Palikuwa na ofisi fulani mjini ambako watu walikwenda kuulizia watu wao. Karani alitazama daftari na kusema hakuna Khaemba aliyechukuliwa. Maximilla alirudi wiki iliyofuata na kuku mzima aliyekatwa na kupikwa, katika bakuli la bati lililofunikwa kwa kitambaa cha kushonwa, akamweleza karani jinsi mambo yalivyo. Karani alikuwa mtu wa heshima, mzaliwa wa Maragoli, na mambo ya kuku aliyafahamu. Alivuta bakuli, akageuza vipande vyote kwa kijiko, akathibitisha kwamba firigisi haimo. Akaonja mchuzi. Akasema umekolea. Halafu akasema kwamba yeye anashughulika na watu waliochukuliwa, na kwa vitu vilivyopotea itabidi aende dirisha la tatu.

Miaka miwili ikapita namna hiyo. Maximilla alipata kazi ya kushona sare za shule, akakonda kidogo, kisha akarudisha mwili. Jioni aliketi na majirani kwa sababu nyumba yake na Khaemba, ambao hawakuwa wamejaliwa mtoto, ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Watu walikuja kula. Alipika kila kitu, mrenda, kunde, samaki wa kukaanga aliyeletwa na Beldina, na wote walisifu. Ila baada ya kusifu waliondoka, na alipokuwa akiosha sahani alijikuta amesimama, maji yanatiririka, anasikiliza kama kuna mtu anayefunika sufuria.

Mwezi wa nane mwaka wa 1989, Masinde alifika kutoka Chwele. Alikuwa mdogo wake Khaemba. Alikuja na wazee wawili, mmoja wao Mzee Laban, kaka ya baba yao, ambaye ndiye aliyekata mashauri ya ukoo. Masinde aliketi kwenye kiti cha Khaemba. Alisema shamba la nyumbani haliwezi kungoja mtu asiyejulikana aliko, yeye mwenyewe amekwisha kulilima misimu mitatu, na nyumba bila baba inachekwa. Hakuwa mtu mbaya. Alileta ndizi. Alikuwa tu mtu ambaye tangu utotoni alivaa nguo za kaka yake baada ya kaka kukua, na aliona hili ni mojawapo.

"Shemeji, mimi sikufukuzi," alisema. "Nakuomba tu unipikie kuku."

Kila mtu pale alielewa anaomba nini. Maximilla alitazama meza.

Mzee Laban alikuwa amekwisha kusikia habari za kuku wa Migosi, kwa maana zilifika Chwele kabla ya barua yoyote. Akasema basi hakuna haja ya kugombana. Kuku achinjwe mbele ya watu. Akikutwa na firigisi, mwenyewe hayuko tena duniani wa kuila, na Masinde atapakuliwa hiyo firigisi. Asipokutwa nayo, Masinde atarudi nyumbani na kunyamaza. Masinde akakubali. Maximilla naye akakubali, kwa sababu kukataa kungekuwa kusema kwamba ana shaka.

Kuku alikuwa chini ya meza, siku yake ya sita. Wakamtoa uani. Ploti nzima ikaja, na wa ploti ya pili, na mtu aliyepita na baiskeli akaiegemeza ukutani. Oketch alifika kama shahidi wa upande wa kuku. Maximilla alichinja, akanyonyoa, akababua, asiharakishe. Beldina alisimama karibu naye kiasi kwamba mabega yao yaligusana.

"Nyaminwa," alimwambia kwa sauti ya chini, kama anavyomwita dada yake kwa Kijaluo, "hata ikiwemo, wewe ingiza mkono taratibu. Mimi nitaanguka hapa nizimie, ukiitupa kwenye mtaro hakuna atakayeona."

Maximilla akapasua. Akaingiza mkono, na mkono ukagusa kitu. Beldina akamwona usoni, akaanza kulegea magoti, lakini Maximilla akatikisa kichwa, akakitoa, akakiweka kwenye sinia mbele ya wazee.

Ilikuwa nusu ya firigisi. Upande mmoja ulikuwa mviringo, upande wa pili umeumwa, alama za meno zikionekana moja moja. Kuku alikuwa mbichi, bado ana joto la uhai, lakini ile nusu ilikuwa imeiva. Mzee Laban aliibonyeza kwa kidole, akanusa kidole, akasema ina munyu.

Mabishano yalichukua karibu saa nzima. Mzee wa pili alisema labda Khaemba ni nusu mfu. Oketch alisema kuku hana hatia. Masinde alisema kwa haki kabisa kwamba kilichobaki kimebaki, na kilichobaki ni cha aliyebaki, akanyoosha mkono.

"Hiyo ni yangu," Maximilla alisema.

Akaichukua, akaila, wamesimama wote wanamtazama.

Kwa miaka saba ya ndoa yao, mlango ukishafungwa, Khaemba aliuma firigisi katikati na nusu akaiweka kwenye sahani ya mkewe. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo, hata wao wawili. Sasa alilieleza mbele ya ukoo, mbele ya Wajaluo na mbele ya mtu wa baiskeli, akitafuna polepole, maana hakutaka iishe. Ilikuwa laini. Ilikuwa imepikwa vizuri, na mtu asiyejua kupika.

Mzee Laban alifikiri. Alisema mwanamke kula firigisi ni kosa, hilo halina mjadala. Lakini kosa hilo hushtakiwa na mume, na hapa mume ndiye aliyempa. Kwa hiyo kesi haina mlalamikaji. Wakala kuku aliyebaki na ugali wa wimbi, Masinde akapewa paja, na kesho yake wakarudi Chwele. Shamba Masinde aliendelea kulilima, kwa vile nusu ya firigisi haikusema lolote kuhusu shamba.

Tangu siku hiyo kila kuku alikuwa na nusu. Mwaka wa 1993, baada ya siasa kubadilika, watu waliokuwa wamechukuliwa na magari meupe walianza kurudi, na majina yao yakasomwa redioni. Ploti nzima ilisikiliza kwa Beldina. Jina la Khaemba halikusomwa. Maximilla akaenda ofisini. Karani alikuwa yule yule, ameota mvi na amenunua miwani. Akaeleza kwamba wanaachiliwa wale waliochukuliwa, na Khaemba, kwa mujibu wa daftari, hakuchukuliwa, kwa hiyo hakuna wa kumwachilia.

"Lakini anakula," Maximilla alisema.

Karani akasema hilo hajawahi kulikana hata siku moja.

Kutoka hapo Maximilla alipitia Kibuye. Jua lilikuwa limeanza kupoa na wauzaji walikuwa wakipunguza bei. Oketch alimwinulia kuku wawili, mkubwa na mdogo, akamuuliza nyumbani leo wanakula watu wangapi.

"Wawili," alisema, akamchukua yule mdogo.