Pangkas wa Kushoto

Engkamat alikuwa amebanwa kama panya mtegoni, na waliombana ni ndugu zake wa damu. Nyumba ndefu nzima, ukoo wote uliokaa chini ya paa moja, ilitaka kukiuza kilima cha mwisho chenye msitu, ili watu wa mbao wawapasulie barabara. Lakini hakuna panga ambalo lingeinuliwa pale kabla yeye, msikiliza ndege wao, hajatamka alichosikia. Na kilimani alibaki pangkas, yule kigong'ota mwekundu wa mababu. Akiita kuume, ni ruhusa. Akiita kushoto, geuza miguu urudi nyumbani.

"Kwingine kote mmeshafyeka," Engkamat aliwaambia. "Huyu naye mkimfukuza, mtamsikiliza nani? Msumeno?"

"Wewe una ndege, mimi nina mgonjwa!" dada yake Remba alimjia juu. "Shemeji yako nimemkokota kwa mtumbwi mpaka hospitali mara ngapi? Usinitie wazimu, kaka."

Basi asubuhi kweupe wakampandisha, upatu mbele, upatu nyuma, ukigongwa kwa nguvu zote. Ujanja wa tangu zamani huo: ndege usiyemsikia hajasema. Angerudi aape kwamba njia ni nyeupe, mambo yaishe. Lo, makelele yale! Mpaka meno yalimtetemeka.

Katikati ya mteremko akamwona. Pangkas, kwenye mti mkavu, kushoto kabisa, makinda yakichungulia tunduni. Mdomo ulifunguka, ukafumbika, ukafunguka tena. Anaita jamani, na sauti haifiki! Engkamat alishikwa na uchungu wa kutaka kujing'ata.

"Nyamazeni!" Nani amsikie? Akaurukia upatu wa mbele, akaukumbatia kwa mikono miwili. Remba, aliyekuwa akiugonga wa nyuma, alishtuka akaacha.

Kimya. Na ndege naye akashtuka. Alichomoka mtini, akapita juu ya vichwa vyao, akatua upande wa pili wa njia. Kuume. Hapo akaita, na hata kiziwi angesikia.

Ee Engkamat, si ungetulia tu! Papara yake mwenyewe ndiyo iliyomhamisha.

"Kaka," Remba alisema polepole, machozi yakimtiririka. "Umesikia. Sote tumesikia. Sema basi."

Tangu aanze kazi ile hakuwahi kuongeza wala kupunguza neno la ndege. Aliyatazama makinda kule kushoto, yangali yameachama yakimngoja mama yao.

"Kuume," alisema. "Kateni."