Kifaa cha Kazi Ishirini na Moja

Mke wangu Mahfudha aliniwekea sharti moja tu: nikirudishwa nyumbani kwa pikapu mara ya tatu, baiskeli inahamia kwa mpwa wangu Firas. Mara mbili zilikuwa zimeshakwenda. Nami baiskeli ile naipenda. Kila asubuhi hunitoa mtaani kwetu Aija, ikanivusha daraja hadi ofisini kwangu mjini Sur, na kwa robo saa hiyo mimi si Marzouq wa miaka hamsini na nne mwenye sukari.

Kwetu tatizo si pancha, ni huruma. Ukisimama kando ya njia kufunga kamba ya kiatu, zinasimama gari tatu, na mbili ni za jamaa zako. Baiskeli inapakiwa, nawe unapakiwa, unapewa maji baridi na kufikishwa hadi mlangoni. Kukataa ni tusi. Kwa hiyo nilitaka kifaa cha mfukoni kitakachonimalizia kazi kabla huruma haijafika.

Wiki mbili nilitafuta. Firas alinionyesha video zisizo na idadi. Dukani Sur nilikishika kimoja chepesi cha funguo sita, nikakiona cha kitoto. Nikachagua kikubwa, cha kazi ishirini na moja: bisibisi, spana, cha kukatia mnyororo, hata cha kufungulia chupa. Muuzaji akaniuliza baiskeli yangu ni ya namna gani. Nikamjibu kwa ukali kwamba ni ya magurudumu mawili, maana sipendi kuhojiwa nikiwa nanunua. Akaniongezea kiboksi cha viraka bure, nikakipokea bila hata ahsante.

Mahfudha alikigeuzageuza kifaa changu, akasema, "Kizuri," akarudi jikoni. Sikumwuliza zaidi. Baba yake alikuwa na duka la baiskeli Tabora, hilo nililijua tangu posa, na akilini mwangu niliona kaunta ya kioo na karani wa risiti. Mwenye duka la namna hiyo hajui kuziba pancha, seuze binti yake.

Jumatatu, katikati ya daraja, tairi la nyuma likaisha upepo. Kusema kweli nilifurahi. Nikapindua baiskeli, nikatoa kifaa. Nilijua kwamba kutoa tyubu kunataka kutoa gurudumu kwanza, na gurudumu langu limeshikwa na nati mbili nene. Nikajaribu spana ya kwanza, ya pili, zote. Kazi ishirini na moja, na hakuna hata moja iliyoenea nati ile.

Pikapu ya jirani yetu Khelef ikasimama. "Yalla, Bu Manar, tupakie," akasema, akiniita kwa jina la mwanetu.

"Napunga upepo," nikasema, jasho likinitiririka na mikono myeusi kwa grisi.

Akashuka, akasimama kuningojea nimalize kupunga. Zikasimama gari nyingine mbili, na mmoja wa madereva, kwa wema wake, akampigia simu mke wangu.

Mahfudha alifika na gari yake kabla sijapata uongo mwingine. Nikamwambia kwa unyonge, "Haya, ya tatu hii. Mpe Firas."

Aliitazama nati, kisha kifaa, kisha mimi. "Nani kakwambia gurudumu linatolewa?"

Alikuwa anampelekea dada yake chakula. Akafungua kikapu, akarudi na vijiko viwili. Akakunja mikono ya abaya, akachuchumaa. Alichomeka mkia wa kijiko kwenye ukingo wa tairi, wa pili kando yake, akavuta, na tairi likafunguka upande mmoja, gurudumu likiwa palepale. Akatoa tyubu, akaniambia niijaze kwa pampu ninayoifunga kwenye baiskeli. Akaipitisha polepole karibu na shavu lake mpaka upepo ukampuliza, akapaka mate kidogo, tukaona povu. Msasa, gundi, kiraka, vyote kutoka kile kiboksi cha bure. Wanaume wanne tuliinama kutazama.

"Baba hakuwa na duka," alisema bila kuinua uso. "Alikuwa na kigoda na beseni la maji, nje ya duka la mtu. Mimi ndo nilikuwa namshikia tyubu. Tulipokuja huku, mama akasema tuseme duka, watu watatudharau." Akarudishia tairi kwa vidole gumba. "Nawe nikaona siku moja utachuchumaa njiani, watu wakutazame walivyokuwa wanamtazama yeye. Sikutaka, baba Manar. Ndo maana ya lile sharti."

Nikaona haya, haya ya kweli. Miaka ishirini na saba nimeishi na fundi, halafu nikaenda kumwuliza Firas.

Khelef akakohoa. "Mama Manar, wallah, baiskeli ya mwanangu iko stoo mwaka wa pili. Tairi zote mbili."

Mahfudha akanyanyuka, akajifuta mikono kwa kanzu yangu. "Ilete. Ila uje na kigoda, magoti yangu si ya zamani." Ndipo akacheka.

"Na ya tatu?" nikamwuliza.

"Umeletwa nyumbani? Nenda kazini, umechelewa."

Vijiko vile hajanidai mpaka leo, viko mfukoni mwangu. Kifaa kiko jikoni, chupa kinafungua vizuri sana. Ijumaa iliyofuata walikuja wageni kutoka Ibra, wakaanza kama kawaida kutajiana mashamba na maduka ya wazee wao huko Afrika. Ilipofika zamu yangu nikasema mkwe wangu alikuwa fundi baiskeli, Tabora, na kazi yake nimeiona kwa macho yangu. Mahfudha alikuwa anamimina kahawa. Kikombe changu alikijaza pomoni, na adabu ya hapa ni kutia kidogo tu.