Madumu Mawili ya Kuachiwa

Mabegi yalikuwa yameshaingia kwenye gari, na Pitchou, mwenye gari, ameshawasha injini ipate moto, Godelieve aliposhuka tena.

"Siondoki," alisema. "Madumu hayana maji."

Cyriaque, mume wake, alikuwa amechutama nyuma ya chumba chao cha kupanga pale Bertrams, akiitazama paipu. Ilikuwa Julai, katikati ya baridi ya huku kusini, majani ya uani meupe kama yamemwagiwa unga. Koki ilikuwa wazi tangu alfajiri na haijatoa hata tone.

Tabia hiyo ya madumu Godelieve aliitoa kambini, kule Kasulu, walikokutana wawili hao kwenye foleni ya maji, wote wakimbizi kutoka Burundi. Anayesafiri huwaachia wanaobaki madumu yaliyojaa. Na mtu aliyewahi kupanga foleni siku nzima kwa dumu moja hawezi kulala akisikia koki inadondosha. Cyriaque alikuwa amefanya kazi ya ufundi bomba miaka kumi na mitano, na kila baridi ilipoingia alimwambia: mke wangu, ukuta huu haupati jua, iache koki idondoshe usiku, maji yanayotembea hayagandi upesi. Godelieve aliitikia, kisha akaamka akaifunga. Cyriaque naye aliamka nyuma yake, akaifungua.

Usiku uliopita Cyriaque alimsikia akitoka. Akasikia mdondoko unakatika. Safari hii hakuamka.

"Papa Cyriaque, basi la Lusaka halimngoji mtu!" Pitchou alipaza sauti kutoka garini. "Eish! Washa gazeti uichome hiyo paipu, twende."

"Uchome plastiki? Ikipasuka utaiziba wewe?"

"Nimesuka nywele za wanawake wa Yeoville miaka sita, papa. Paipu itanishinda?"

Cyriaque hakucheka. Alichovya tambara kwenye maji ya moto yaliyobaki kwenye chupa ya chai, akalikamua, akalizungushia paipu. Fundi huanza kwenye koki, kisha hushuka polepole kuelekea kwenye barafu, maji yapate pa kutokea. Cyriaque alianza kwenye koki akabaki hapo hapo. Barafu aliijua ilipo: chini, kwenye kiwiko, paipu inapopinda karibu na ardhi, palipoganda umande mweupe. Basi lilikuwa linaondoka saa tatu. Likimwacha Godelieve, nafasi nyingine ni wiki ijayo. Alikuwa anaitaka hiyo wiki.

Godelieve alisema anakwenda kwao Rumonge, Burundi, kumuuguza mama yake, miezi mitatu basi. Lakini Cyriaque alikuwa ameona kilichofungwa kwenye begi la bluu.

"Baba Diane."

"Naam."

"Barafu iko kwenye kiwiko. Hata mimi nisiyejua ufundi naiona."

"Nakuja huko."

"Unakuja tangu alfajiri."

Godelieve alichutama kando yake na nguo zake za safari, akamnyang'anya tambara, akalifunga kwenye kiwiko na kulishika kwa viganja vyote viwili.

"Sufuria ya maharage umeibeba ya nini," Cyriaque aliuliza, "kwa miezi mitatu?"

"Mama anapenda maharage."

"Rumonge hakuna sufuria?"

Godelieve aliivuta chupa ya chai karibu. Alichovya tambara tena, akalirudisha. Mikono yake ilikuwa imekuwa myekundu.

"Jana ulinisikia nikiifunga koki," alisema. "Ulinisikia ukanyamaza."

"Nilikusikia."

"Si ungesema tu."

"Ningesema nini, Mama Diane?"

Koki ikakohoa. Ikatema hewa, ikatema vijipande vya barafu, kisha maji yakaja kwa nguvu yakawalowesha miguu wote wawili. Pitchou akapiga honi kwa furaha.

Godelieve alijaza dumu la kwanza, akajaza la pili, akayafunga vifuniko. Akaifunga koki, akaikaza kama kawaida yake. Gari lilipoondoka hakupunga mkono. Alikuwa anaikausha mikono kwenye kitenge.

Basi waliliwahi. Mama yake Godelieve alifariki mwezi wa kumi na mbili, na Godelieve amebaki Rumonge, anauza mawese sokoni. Hupiga simu Jumapili. Diane, binti yao, alimaliza chuo pale Braamfontein akapata kazi Pretoria. Yeye huongea na mama yake kwa Kiingereza, mama humjibu kwa Kirundi. Gari la Pitchou lilikufa injini, amerudi kusuka. Cyriaque bado yupo Bertrams, chumba kile kile. Paipu ameizungushia blanketi kuukuu, na juu yake plastiki. Usiku wa baridi huiacha koki ikidondosha, nayo hudondosha mpaka kunakucha. Haijaganda tena.